Elimu ya Mtandao na Wajibu Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa ukumbusho wa Chama



Halmashauri imeniamuru niseme juu ya elimu ipatikanayo kwa njia ya mtandao, na namna ya kuvitumia vyombo vyake ili vimfae mwanafunzi. Jambo hili si la mazungumzo matupu. Nyote mna habari kwamba mfuko wetu wa elimu una akiba kidogo, na kwamba baadhi yenu mwataka akiba hiyo inunuliwe simu na vishikwambi wagawiwe watoto, ilhali wengine mwaona kuwa vyombo hivyo ni fitina, na ya kuwa afadhali fedha zibaki kwa karo. Halmashauri italikata shauri hili baada ya mkutano wetu. Basi nitajitahidi kueleza ninayoyajua, kisha nitoe rai yangu, nanyi mtapima.

Yafaa tuanze na habari za nyuma, kwa kuwa asiyejua atokako hajui aendako. Katika Buganda watu wa kwanza kuzifuata dini hizi zilizotoka ng'ambo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kuingia dini na kushika kitabu lilikuwa jambo moja. Uislamu ulifika katika kasri ya Kabaka Suna kwa mikono ya wafanya biashara waliotoka pwani, na mapokezi yautaja mwaka 1844. Na mwanawe, Kabaka Mutesa, akajifunza kusoma Kiarabu. Wamisheni wa Kiingereza hawakufika ila mwaka 1877, na wale wa Kifaransa mwaka 1879. Kwa hiyo kalamu na karatasi zilikuwa mikononi mwa Waislamu kabla ya kuwa mikononi mwa wengine.

Lakini zilipokuja shule za kisasa, nyingi zilikuwa chini ya makanisa, na wazee wetu wakaogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Hofu ile haikuwa ya upuuzi, maana yalikuwako yaliyoihalalisha. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa. Vijana wetu wakawa madereva, wachinjaji na wachuuzi, kazi za halali na za heshima, lakini katika ofisi za serikali, katika mahospitali na katika mahakama jina la Kiislamu lilikuwa la kutafuta kwa taa. Ikawabidi watu kama Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake wafanye kazi ya miaka mingi ili Waislamu wapate shule zao wenyewe, nasi sote twajua Kibuli imezaa watu gani. Hata chuo kikuu chetu cha Kiislamu kilichoko Mbale kiliazimiwa katika mkutano wa mataifa ya Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974, wala hakikufungua mlango ila mwaka 1988, kikiwa na wanafunzi 80 tu. Miaka 14 ilipita baina ya azimio na mlango. Nayataja haya ili tuone kwamba mlango wa elimu ukifunguka, anayechelewa kuingia hulipa, na aghalabu watoto wake hulipa pamoja naye.

Mlango mwingine umefunguka katika zama zetu, na umefunguka kwa upesi mno. Kusoma kwa mbali si jambo jipya: watu walisoma kwa barua na kwa redio tangu zamani, na jirani zetu wa Tanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na jamaa zao wakaenda kukaa chuoni. Jambo jipya ni mtandao. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi, asomaye asome bila malipo. Mwaka 2002 mtu mmoja wa Australia, Martin Dougiamas, alitoa programu iitwayo Moodle, ambayo mwalimu huitumia kuweka masomo, kutoa mitihani na kusahihisha. Na darasa la mtandao la Makerere lilijengwa juu ya programu hiyo hiyo. Mwaka 2004 Salman Khan, kijana wa Marekani ambaye asili ya wazazi wake ni Bara Hindi, alianza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji wa mbali. Kisha akaanza kurekodi masomo na kuyaweka mahali ambapo kila mtu aweza kuyaona, na leo masomo ya Khan Academy hupatikana bure kwa lugha nyingi.

Sisi wa huku bara tulikuwa tukiyasikia hayo kwa mbali, kwa sababu intaneti yetu ilipita katika setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, na nyaya nyingine zikafuata. Kutoka pwani njia zikaja mpaka kwetu. Jambo hili lina ibara yake: elimu ya kwanza ya kusoma ilitufikia kwa njia ya misafara iliyotoka pwani, na elimu hii nayo imetufikia kwa njia iyo hiyo.

Basi mtihani mkubwa ulitujia mwaka 2020. Kwa sababu ya maradhi ya Korona shule zetu zilifungwa Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yalifunguliwa kwa muda, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hapana nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko Uganda. Wanafunzi wapatao milioni 15 walikaa nyumbani. Serikali ilitoa masomo katika redio na runinga, na mengine yakachapwa katika magazeti; vyuo vikuu navyo vikaruhusiwa kufundisha kwa mtandao. Kwa mtoto ambaye baba yake alikuwa na kompyuta na fedha za bando, na mama yake aliweza kuketi naye, masomo yaliendelea. Kwa mtoto wa mchuuzi ambaye nyumbani kwao kulikuwa na simu moja, nayo hutoka na baba alfajiri na kurudi usiku, hapakuwa na somo. Wavulana wengi walikwenda kwenye vibarua, na wasichana wengi wakaolewa au wakapata mimba, wasirudi tena. Nasema haya mbele ya watu wanaoyajua. Kila mtaa una nyumba ambayo inaweza kunishuhudia.

Wako waliotoa katika msiba ule funzo moja: kwamba kila mtoto apewe chombo chake. Funzo hili laonekana kuwa sawa, lakini limekwisha kujaribiwa mahali pengine, na yafaa tutazame matokeo yake kabla ya kutoa fedha zetu.

Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wengi sana. Wataalamu waliochunguza shule 319 za msingi huko mashambani walitoa taarifa yao mwaka 2012. Waliona kwamba watoto waliopewa kompyuta walizitumia sana, lakini baada ya miezi 15 hawakuwapita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Chombo kilikuwapo, lakini hapakuwa na mpango wa kukifundishia, na mwalimu hakujua akitie wapi katika kazi yake.

Sasa tazameni jambo la pili. Huko Delhi, katika India, vilikuwako vituo ambavyo wanafunzi wa shule za serikali waliingia baada ya saa za shule, siku sita kwa juma, dakika 90 kila siku. Nusu ya wakati huo walitumia programu ya kompyuta, na nusu walikaa na mwalimu msaidizi katika kikundi kidogo. Programu ile ilianza kwa kupima kila mtoto yuko wapi hasa katika somo, kisha ikampa kazi ya kiwango chake, si ya kiwango cha darasa lake. Maana walikuta watoto wa darasa la nane ambao katika hesabu walikuwa nyuma miaka mingi, nao walikuwa wakiketi kila siku wakisikiliza mambo wasiyoyaelewa. Katika uchunguzi wa wanafunzi 619, ambao matokeo yake yalichapwa mwaka 2019, wale waliopata nafasi kwa kura waliendelea wazi kuliko wenzao katika hesabu na katika Kihindi, kwa muda wa miezi minne na nusu tu.

Tofauti ya Peru na Delhi si ubora wa mashine. Delhi palikuwa na saa maalumu, palikuwa na mtu wa kusimamia, na palikuwa na kazi inayolingana na mtoto. Peru palikuwa na mashine peke yake. Wala watu wazima hawakuepukana na jambo hili. Vyuo vya Harvard na MIT vilianzisha pamoja masomo ya mtandao mwaka 2012, na mamilioni ya watu wakajiandikisha. Lakini wachunguzi walipotazama hesabu za mwaka wa 2017 na 2018 waliona kwamba katika kila watu 100 walioingia, waliomaliza somo ni kama 3. Masomo yalikuwa mazuri na walimu walikuwa hodari. Waliokosekana ni wa kumwuliza mwanafunzi, "Mbona jana hukuja?"

Nimekwisha kueleza habari ya vyombo; sasa nitasema juu ya namna ya kusoma navyo. Nayasema haya kwa vijana hasa, lakini wazazi nao wasikilize, maana wao ndio watakaosimamia.

Jambo la kwanza ni kurudia kwa kukumbuka. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alieleza namna alivyojipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja kama thuluthi mbili. Hivi ndivyo alivyo mwanadamu. Na dawa yake ni ipi? Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Kundi la pili liliisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likafunikiwa karatasi likaambiwa liandike linalokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa mbele. Lakini baada ya juma moja wao walikumbuka sehemu 40 katika 100, na wale waliojitahini walikumbuka sehemu 61.

Ndugu zangu, jambo hili si geni katika vyuo vyetu vya Kurani. Mtoto wa chuoni hafungui msahafu akautazama tu, kisha akasema amehifadhi. Hufumba, husoma kwa moyo mbele ya mwalimu, hukosolewa, na kesho hurudia ya leo na ya jana na ya juma lililopita. Hiyo ndiyo muraja'a. Inasikitisha kwamba mtoto huyo huyo akienda kusoma fizikia katika simu hutazama vidio kumi mfululizo, hutikisa kichwa kwa kuridhika, akalala akidhani amesoma. Hakusoma, amestarehe. Kanuni iwe hivi: vidio moja, kisha simu ifunikwe, na mwanafunzi aandike kwa mkono wake yale aliyoyaelewa, ndipo afungue kuhakikisha. Ziko programu za bure, kama ile iitwayo Anki, ambazo humwuliza mtu maswali yake mwenyewe, na kila analolijua vizuri hulirudisha baada ya siku nyingi, na analolisahau hulirudisha upesi. Asiye na simu aweza kufanya vivyo hivyo kwa vipande vya karatasi, swali mbele na jawabu nyuma.

Jambo la pili ni daftari. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali. Kijana anayeyapiga picha maandishi ya mwalimu na kuyaacha ndani ya simu pamoja na picha za arusi hana daftari. Ana ghala lisilo na mlango. Na awe na daftari moja kwa kila somo, aandike tarehe, aandike mahali alipolipata somo, na mwisho wa ukurasa aandike swali moja ambalo hajalielewa ili amwulize mwalimu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Jambo la tatu ni kuchunguza yatokako maneno. Katika mtandao mwenye kujua na asiyejua hupanda mimbari moja. Maulamaa wetu wa hadithi waliikuta hatari hiyo kabla yetu, wakaweka elimu ya isnadi: kila neno liulizwe limepokewa kwa nani, naye kwa nani, na kila mpokezi apimwe ukweli wake na hifadhi yake. Husimuliwa kwamba Imamu Bukhari alipofika Baghdad, watu kumi walimjaribu kwa hadithi mia moja ambazo minyororo yake imechanganywa kwa makusudi. Kila iliposomwa moja alisema, "Siijui." Zilipokwisha, akazirudisha zote, kila matini kwa mnyororo wake. Angalieni kwamba hekima yake ya kwanza ilikuwa kusema hajui.

Nalitaja hilo kwa sababu ya chombo kipya ambacho vijana wengi wamekwisha kukizoea, nacho ni akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi aweza kuuliza swali lolote akajibiwa kwa maneno fasaha. Mna faida humo: yaweza kumweleza mtoto hesabu ngumu kwa njia tatu mbalimbali bila kuchoka, na yaweza kumtungia maswali ya kujipima. Lakini mashine hiyo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Ufasaha wake si ushahidi wa ukweli wake, wala haina haya ya kutaja kitabu ambacho hakijapata kuandikwa. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuleta mbele yake hukumu za kesi zisizokuwapo, walizopewa na mashine hiyo. Wale walikuwa watu wazima wenye shahada. Basi mtoto wetu atakuwaje, ikiwa hakufundishwa kuuliza isnadi? Na mwenye kuiandikisha mashine insha nzima akaipeleka kwa mwalimu kwa jina lake, amemhadaa mwalimu mara moja, na nafsi yake mara mbili, kwa kuwa mtihani wa taifa huufanya peke yake, kwa kalamu, bila simu.

Jambo la nne ni kuulinda wakati. Simu ndiyo darasa, na simu hiyo hiyo ndiyo soko, ndiyo kiwanja cha mpira, ndiyo baraza la umbea. Waliotengeneza michezo na video fupi hulipwa kwa kadiri mtu anavyokaa humo, na kazi yao wanaijua. Haifai kumtupa mtoto wa miaka 14 katika mapigano hayo peke yake, kisha tukamlaumu ameshindwa. Saa za kusoma ziwekwe, arifa za simu zizimwe, simu isilale chumbani kwa mtoto, na baba asimkataze mtoto simu mezani ilhali yake iko sikioni.

Jambo la tano ni uchumi wa bando. Mwaka 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mwenye kutumia mitandao kama WhatsApp na Facebook. Mwaka 2021 ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya sehemu 12 katika 100 juu ya bando lenyewe. Tena Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa sababu hizo mwanafunzi mwenye akili hategemei kwamba mtandao utakuwapo kila siku; hupakua masomo siku ulipo, akasoma siku usipokuwapo. Na zaidi ya hayo, ziko programu zilizoundwa kwa nchi kama zetu. Kiwix humwezesha mtu kubeba Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili, na kuisoma bila intaneti. Kolibri huweka maelfu ya masomo na mazoezi, pamoja na yale ya Khan Academy, katika kompyuta moja ndogo. Na simu au kompyuta nyingine zilizomo chumbani huyasoma kutoka humo bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Zote mbili ni za bure.

Ndugu zangu, yako malalamiko mawili ambayo nimeyasikia mitaani, nami sitaki kuyapita.

Wako wanaosema kwamba mtandao umejaa machafu, na ya kuwa kumpa mtoto ni kumpoteza. Machafu yako, hapana anayekana. Lakini tuulizane: hivi sasa watoto wetu hawayaoni? Wanayaona kwa siri katika simu za wenzao, mahali pasipokuwa na mtu mzima. Tuliogopa shule zamani, na hofu ile haikuzizuia shule, ilituzuia sisi. Dawa ya hofu ilikuwa kujenga shule zetu wenyewe na kuweka humo walimu tuwaaminio. Dawa ya leo ni mfano wa ile.

Na baadhi ya walimu wetu, wa shule na wa vyuo vya Kurani, wanaogopa kwamba mashine itawaondoa. Nawatuliza. Katika mila yetu ya elimu mtu hapewi ijaza kwa kuwa amesoma kitabu, bali kwa kuwa amekisoma mbele ya mwalimu, na mwalimu ameridhika naye. Delhi imethibitisha, na Peru imethibitisha kwa upande wa pili, kwamba chombo bila mwalimu ni jembe bila mkulima.

Sasa natoa rai yangu. Nashauri akiba yetu isinunuliwe vishikwambi vya kugawa. Vikigawiwa, katika mwaka mmoja vingine vitakuwa vimevunjika, vingine vimeuzwa, na vingine vinacheza muziki. Wala nashauri isibaki yote katika karo, kwa sababu karo humweka mtoto darasani, lakini haimsaidii yule aliyeachwa nyuma akiwa ndani ya darasa hilo hilo. Nashauri kitengenezwe chumba kimoja katika nyumba ya Chama: kompyuta moja ya kuhifadhi masomo kwa Kolibri, kompyuta chache zilizokwisha kutumika lakini nzima, umeme wa jua kwa ajili ya siku za giza, na meza za kuandikia kwa mkono. Intaneti iwe ya msimamizi tu, kwa kupakua. Na kabla ya kununua chochote, pawekwe mshahara wa mtu mmoja wa kusimamia, kwa kuwa hilo ndilo ambalo aghalabu husahauliwa.

Chumba hicho kianze na watahiniwa wa darasa la saba na wa kidato cha nne, pamoja na wale ambao hawakurudi shule baada ya mwaka 2022 nao wangali wana hamu. Wasichana wapewe siku zao na saa zao, mapema, warudi makwao kabla ya magharibi, na mama mmoja wa Chama awepo. Nalitilia mkazo jambo hili, kwa kuwa msichana aliyeolewa mapema na ana mtoto mgongoni hana shule ya kumpokea kwa urahisi. Lakini chumba chetu chaweza kumpokea. Kila mtoto apimwe siku ya kwanza, ajulikane anasimama wapi, na apimwe tena kila mwisho wa muhula. Hesabu hizo zisomwe hapa mbele yenu. Zikionyesha kwamba hatuendelei, tuwe na ujasiri wa kubadili mwendo, tusiendelee kwa sababu ya haya.

Nawakumbusha pia kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza Kiswahili kitumiwe kama lugha rasmi, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha ambayo wazee wetu waliambiwa kuwa ni ya soko na ya kambi, leo inatakiwa darasani, na jamii yetu ndiyo iliyoihifadhi. Ikiwa vijana wetu watajua kuvitumia vyombo hivi, wao ndio wataandika na kurekodi masomo ya Kiswahili ambayo watoto wa Uganda nzima watayasoma. Wakati huo hatutakuwa wapokeaji peke yake. Tutakuwa na kitu cha kutoa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sitaki kuwachosha. Wazee wetu walikuwa na hofu ya haki, wakangoja. Na waliokuja baada yao wakafanya kazi ya miaka hamsini kuziba pengo. Sisi hatuna udhuru wa kungoja, kwa kuwa tumekwisha kuyaona matokeo ya kungoja. Wala hatuna udhuru wa kukimbia bila kufikiri, kwa kuwa tumekwisha kuyaona ya Peru. Chumba kimoja, msimamizi mmoja, saa zinazojulikana na daftari mkononi: hayo yako katika uwezo wetu mwaka huu huu. Haba na haba hujaza kibaba.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika kuijenga elimu ya Waislamu wa nchi hii, atuzidishie maarifa yenye manufaa, awahifadhi watoto wetu na shari ya wayaonayo na wayasikiayo, na aiongoze Halmashauri katika shauri lake. Amin.